Zawadi ya Kionyesha-Njia

 

Wiki hii tumepokea barua kutoka Baba Dogo, katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ambako wapo jamaa zetu waliotoka Pwani kufuata riziki. Mwandishi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Mombasa. Jina lake tumelihifadhi. Mumewe ana pikapu, na kazi yake ni kuchukua bidhaa katika viwanda vilivyojipanga kando ya Baba Dogo Road na kuzifikisha kwa wateja. Zamani alikuwa akizunguka Nairobi peke yake. Sasa hutumwa Kitui, Garissa, Kilifi, na mara nyingine Kwale. Mwezi uliopita, akiwa katika foleni ya magari, simu yake ilinyakuliwa dirishani wakati alipokuwa ameishika mkononi akitazama ramani. Mkewe, ambaye kila alfajiri hukaanga mahamri ya kuuza, amejiwekea akiba kidogo kidogo, naye anataka kumnunulia mumewe zawadi ya Idd: kile kifaa kidogo kinachobandikwa mbele ya dereva kikamwonyesha njia, ambacho vijana hukiita jipiesi.

Ametuuliza maswali matatu. La kwanza: je, matumizi hayo ni israfu? La pili: akienda dukani atazame nini? La tatu ameliandika mwishoni, pembeni mwa karatasi, kwa maandishi madogo yaliyobanana. Hilo tutalifikia kwa nafasi yake, na tunalichapisha kwa idhini yake, kwa kuwa amesema hadhani kuwa ni yeye peke yake mwenye nalo.

Tuanze na israfu. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kupeana hidaya kwa sababu hidaya huzidisha mapenzi, na aliwausia wanawake wa Kiislamu kwamba jirani asimdharau jirani yake hata kama alicholetewa ni ukwato wa mbuzi. Kwa hivyo thamani ya hidaya haipimwi kwa bei. Israfu ni kupita haja, nacho kitu ambacho mtu anakihitaji katika kazi yake ya halali hakipiti haja. Wazee wetu walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Mume anayelisha nyumba kwa usukani, akapewa kitu cha kumrahisishia usukani, hajapewa pambo. Tunaongeza sharti moja tu: kinunuliwe kwa akiba iliyopo. Mikopo ya riba, hata ile midogo inayoingia katika simu kwa kubonyeza mara mbili, haifai kuwa msingi wa zawadi ya Idd. Kama fedha hazijatimia, Idd nyingine itakuja, insha Allah.

Nasi hatulitazami jambo hili kwa mbali, maana Baba Dogo hiyohiyo imetufunza adabu. Miaka michache iliyopita tulipata habari ya msiba wa mkwe wetu huko, tukatoka Mombasa usiku, kijana wetu akiendesha. Kila mtu alitwambia atatuelekeza, nasi tukajibu kwamba hakuna haja, simu inajua. Tulipoiacha Outer Ring Road bando zikaisha, picha ya ramani ikaganda, na mtandao haukurudi. Tukazunguka kati ya kuta za viwanda na mageti yanayofanana, tukimpita bawabu yuleyule mara tatu. Hatimaye tukamwona mvulana wa miaka kama kumi, amekumbatia pakiti ya unga. Tukamtajia jina la marehemu. Hakusema kitu, akageuka, akakimbia mbele ya gari letu hadi mlangoni. Tulipotaka kumpa kitu akakataa, akasema unga unangojewa nyumbani. Lakini jeneza lilikuwa limekwisha kuondoka. Tuliwafuata watu makaburini tukawakuta wanarudi, tukamswalia marehemu penye kaburi lake kama fiqhi inavyoruhusu. Kosa halikuwa la simu, lilikuwa la kwetu: tulitoka bila kuuliza, nao wahenga walisema kuuliza si ujinga. Imepokewa katika mkusanyiko wa Tirmidhi kwamba kumwelekeza mtu aliyepotea ni sadaka. Mvulana yule aliipata sadaka yake kabla ya jua kupanda, sisi wenye vilemba tukaikosa janaza.

Msikidhanie kifaa hiki kuwa ni jambo geni kabisa kwa watu wa Pwani. Allah ametaja katika Suratun-Nahl, aya ya 16, kwamba kwa nyota watu hujiongoza, na manahodha wa bahari yetu waliifanya neema hiyo kuwa elimu. Walitumia kamal, kibao kidogo cha mbao chenye uzi wenye mafundo: nahodha huuma uzi kwa meno, akakinyoosha kibao mpaka kikajaza nafasi iliyo kati ya upeo wa bahari na nyota, kisha fundo likamwambia amefika wapi. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, ambayo leo ni Ras al-Khaimah, aliandika vitabu vya elimu hiyo katika karne ya 15. Na Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili 1498, hakuweza kuivuka bahari mpaka alipopewa rubani mjuzi wa njia. Akafika Calicut mwezi wa Mei. Wengi wamesema rubani huyo alikuwa ni Ibn Majid mwenyewe, na wataalamu wengine wamekataa. Lililo wazi ni kwamba mgeni mwenye merikebu kubwa na mizinga alihitaji mtu wa kumwonyesha njia.

Kifaa cha leo nacho kinatazama juu, ila badala ya nyota kinasikiliza setilaiti. Wamarekani walianza kuzirusha mwaka 1978 kwa ajili ya jeshi lao, na mpango wote ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Setilaiti hizo, zisizopungua 24, huzunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200, na kila moja hutangaza saa yake bila kukoma. Kifaa hupima muda ambao mawimbi yametumia kufika, kikajua umbali wake kutoka kwa kila setilaiti. Kikizipata nne, kinajua mahali pake. Zamani Wamarekani walikuwa wakiyapunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi yanayotumiwa na raia, mpaka Mei 2000 walipoacha kufanya hivyo, na tangu hapo ndipo vifaa hivi vikafaa kweli barabarani. Kwa kupokea mawimbi hayo hakuna malipo, wala bando hazihitajiki.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea, kwa hivyo tusomeni taratibu. Setilaiti humwambia dereva yuko wapi tu. Hazimwambii barabara ipi inakwenda wapi. Hilo ni kazi ya ramani, na ramani imo ndani ya kifaa chenyewe. Kifaa bila ramani ya nchi yako ni mfano wa nahodha ajuaye nyota lakini hajui miamba.

Basi dada yetu, ukifika dukani, jambo la kwanza ni ramani. Vifaa vingi huletwa na jamaa kutoka Dubai au Uingereza, vipya au vilivyotumika, na ndani yake mna ramani za huko huko. Utakifunga kwa karatasi ya kung'aa, mumeo atakiwasha Ruaraka, kitamwonyesha alama ya gari katikati ya weupe mtupu. Ramani ya Kenya huweza kununuliwa peke yake. Kwa mfano Tracks4Africa, kampuni ya Afrika Kusini, hutengeneza ramani za bara letu zinazoingia katika vifaa vya Garmin. Lakini hiyo ni gharama ya pili, na ni lazima uijue kabla ya kutoa ya kwanza.

Usikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba Kenya imo. Mwombe muuzaji akiwashe, ukijaribu kwa mahali patatu. Kwanza mahali pa karibu: mwambie atafute Baba Dogo, kisha Lucky Summer, kisha Msikiti wa Riyadha wa Pumwani. Pili mahali pa mbali ambapo mumeo huenda: Kitui, Msambweni, au kijiji unachokijua Kilifi. Tatu mahali papya: mwambie akuonyeshe Nairobi Expressway, ile barabara ya juu itokayo Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Kama haimo, ramani hiyo ni ya zamani. Uliza kama inaweza kusasishwa, ni nani atakayeisasisha, na kama kuna malipo. Maneno ya bure maisha yote yakiandikwa katika boksi, uliza yanahusu ramani za nchi zipi.

Wala usishangae ukikuta mitaa yetu haikuchorwa vizuri. Kibera, pamoja na ukubwa wake na umaarufu wake, ilikuwa karibu tupu katika ramani za watu wote mpaka mwaka 2009, vijana wa huko walipotembea kwa miguu na vifaa vya jipiesi mkononi wakaichora wenyewe. Kwa hivyo katika vichochoro kifaa kitamfikisha mumeo karibu, na hatua za mwisho atahitaji mtoto mwenye pakiti ya unga.

Jambo la pili ni kioo. Kiwe na upana wa inchi tano hadi saba, kisomeke katika jua la mchana. Kitazame nje ya duka, si chini ya taa za ndani. La tatu ni sauti: isikike gari likinguruma, na itamke kwa lugha anayoielewa mumeo, kwa kuwa faida ya kifaa ni kusikia bila ya kutazama. La nne ni umeme: uje waya wake wa kuchomeka katika tundu la gari, maana betri ya ndani haidumu safari ndefu. La tano ni kishikio cha kubandika kiooni. Kivute kwa mkono uone kama kinashika. La sita ni risiti na waranti ya duka unaloweza kulirudia. Ukubwa wa boksi na wingi wa maneno juu yake haviongezi kitu.

Tumeulizwa pia: je, simu haitoshi? Amana inatulazimu tuseme kweli. Kwa watu wengi simu inatosha. Simu nayo hupokea setilaiti hizohizo, na ramani yake yaweza kupakuliwa mapema ikatumika bila mtandao. Tena kwa kupitia mtandao simu hujua foleni iko wapi, jambo ambalo kifaa cha peke yake mara nyingi hakilijui. Dereva ambaye kazi yake yote ni ndani ya Nairobi, mnunulie kishikio cha simu na chaja ya gari, na fedha zilizobaki uwavishe watoto. Lakini kwa mtu wa safari za mbali kama mumeo, kifaa cha peke yake kina manufaa: ramani yote imo ndani yake, hakipigiwi simu katikati ya kona, hakileti ujumbe wa kumshughulisha, na simu yake hubaki mfukoni, mbali na mkono wa mnyakuzi. Sheria ya barabara ya Kenya inamkataza dereva kutumia simu ya mkononi gari linapokwenda. Na sheria ya Allah ya kuhifadhi nafsi ni kongwe kuliko hiyo. Anayetazama kiganja chake kwa muda wa kuvuta pumzi tu amekwisha kumpita mtoto aliyekuwa akivuka.

Na adabu za matumizi ni hizi. Siku ya kwanza kiwashwe mahali pa wazi, kipewe dakika kadhaa kuzitafuta setilaiti. Njia iwekwe kabla ya gari kuondoka, baada ya dua ya safari. Kibandikwe chini, pembeni, kisimzibie dereva barabara. Akiegesha, akitoe pamoja na kishikio na aifute alama ya duara kiooni, maana alama hiyo humwambia mwizi kwamba kitu kimo ndani. Tena jua la mchana huharibu betri. Na kikimwambia akate kushoto penye mto, amwamini macho yake.

Sasa tumefika pembeni mwa karatasi. Dada yetu ameuliza: "Je, kifaa hiki huweka kumbukumbu ya mahali alipopita, nami naweza kuisoma asipokuwapo?"

Tuliposoma mstari huo tuliiweka barua chini. Hatukumkasirikia. Mwanamke haandiki maneno kama hayo kwa wino mdogo ila amekwisha kuyakesha usiku mwingi.

Jibu la ufundi ni kwamba kifaa cha kuonyesha njia hupokea tu, hakikutumii wewe habari ukiwa nyumbani. Lakini vingi vyao huhifadhi orodha ya mahali palipotafutwa, na vingine huhifadhi mstari wa njia iliyopitwa. Kwa hivyo, ndiyo, mtu akikishika anaweza kuona. Kuna na vyombo vya namna nyingine, vinavyofichwa ndani ya gari vikatuma habari kwa njia ya simu. Wenye malori huviweka na dereva akijua. Hivyo si maudhui yetu ya leo.

Ama jibu la dini, Suratul-Hujurat, aya ya 12, inatuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, na inatukataza kupelelezana. Dada yetu, mvuvi anapomtupia samaki dagaa hamkirimu. Kitu chenye ndoana ndani yake hakiitwi hidaya, kinaitwa chambo. Nawe ulikuwa umekusudia hidaya: mahamri ya miezi mingi, moshi wa alfajiri, kwa sababu mtu wako aliporwa dirishani ukaogopa. Nia hiyo ni safi. Usiitie ndoana.

Tena fikiri utakachokisoma. Utaona jina la mji na usiku mbili. Hutaona mzigo uliochelewa, wala gurudumu lililopasuka, wala mteja aliyemzungusha. Jina la mahali halisemi kilichompeleka mtu. Akiwa hana kosa, utakuwa umeingiza sumu katika nyumba isiyokuwa na ugonjwa. Akiwa na kosa, utakuwa umepata ushahidi na hukupata dawa.

Hatusemi unyamaze. Haki yako ya kuuliza haikufutwa. Muulize kwa mdomo wako, wakati watoto wamelala, uso kwa uso. Kama maneno hayatoshi, Suratun-Nisaa, aya ya 35, imetuonyesha njia ya waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke; wazee wapo, maimamu wapo, na Mahakama ya Kadhi ipo. Hizo ni njia zilizochorwa, nazo hazihitaji kusasishwa.

Nanyi akina baba msicheke. Jiulizeni kwanza ni kwa nini mke amefikia kutaka kukiuliza chombo lile ambalo angekuuliza wewe. Mtume (s.a.w.) amemkataza mwanamume kuwaingilia ahli zake usiku ghafla kutoka safarini kwa kusudi la kuwatafutia makosa. Aliyekatazwa kumpeleleza mke naye ana wajibu wa kutomwacha mkewe gizani. Ukifika Voi, piga simu: nimefika, nimeswali, nimekula. Maneno matatu hayamalizi salio, na kwa anayengoja nyumbani yanatosha.

Kabla ya kuyachapisha haya tulizungumza na dada yetu kwa simu. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema kifaa atakinunua. Na lile la tatu atamwuliza mwenyewe, kabla ya Idd, ili zawadi isibebe neno lolote nyuma yake. Tukamwombea dua, nanyi mwombeeni.

Tulimpa ushauri mmoja wa mwisho. Vifaa hivi vina alama ya nyumba, na ukiigusa, popote ulipo, kinakuchorea njia ya kurudi. Tulimwambia, kabla ya kukifunga, akae na watoto waiweke nyumba yao ya Baba Dogo mahali hapo, ili mumewe akikiwasha mara ya kwanza aikute imo. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Allah awafikishe wasafiri wetu wote, na awarudishe salama kwa wanaowangoja. Amin.

Wabillahi tawfiq.